Bi Kimya Anavuka Kwenda Nansio

Jumatano ya juma lililopita tulimzika mama yangu Kisesa, pembeni ya kaburi la babu, upande wa barabara ya kwenda Bujora. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na vijana walichimba wakiwa na tope hadi magotini. Pale kaburini sikulia. Nililia baadaye, kwa sababu ya televisheni, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Wageni walikuwa wameanza kupungua. Wanaume walikaa nje kwenye viti vya kukodi, wanawake walikuwa jikoni, na sebuleni binamu zangu wadogo waliwasha televisheni kwa sauti ya chini, kwa heshima ya msiba. Walikuwa wanaangalia sizoni mpya ya majasusi, ile ambayo kila mtu anaizungumzia siku hizi. Niliketi nao kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Siwezi kusema ni nzuri au mbaya. Picha zake ni safi mno, kila nyumba ina kuta za vioo, na watu wanaongea haraka kuliko macho yangu yanavyosoma maandishi ya chini. Sikuona cha kunishika.

"Dada Minza, huyo ndiye jasusi mwenyewe," binamu mmoja aliniambia. "Usimwone mpole."

Jasusi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaupa mlango mgongo, na akawa anahamisha vidonge kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kopo lingine, kimoja kimoja, taratibu, ili visitoe mlio. Nilinyanyuka, nikatoka, nikaenda nyuma ya jiko. Mama yangu alikuwa akikaa hivyohivyo. Mgongo huo niliujua kabla sijajua kusoma vizuri.

Tulikuwa tunaishi Kirumba, chumba kimoja cha kupanga uani kwa Mama Siwema. Baba alikuwa ameshafariki. Niliambiwa ni kifua, na mimi nikafikiri alibeba gunia zito. Mama alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anapika uji na vitumbua, kisha anabeba ndoo kichwani hadi Mwaloni, sokoni, kuwauzia wapagazi waliokuwa wakishusha dagaa kwenye mitumbwi na kupakia malori. Nguo zetu, madaftari yangu, hata mkate tuliokula Krismasi, vyote vilinuka dagaa. Sikujua kwamba duniani kuna watu wasionuka dagaa.

Mtu anayeuza chakula anaishi kwa watu kuiamini mikono yake. Karibu na mama kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akikaanga sangara. Siku moja watu waliacha kununua kwake, wote kwa pamoja, na muda si mrefu akafunga kikaangio chake kwenye gunia akarudi kwao. Nilipomuuliza mama kwa nini, alisema samaki wake walikuwa wameoza. Sasa najua kwamba hawakuwa wameoza. Mtu alikuwa amesema dada yule ana ngoma, basi, na hakuna aliyesubiri kujua kama ni kweli. Mama alikuwa ameliona hilo kwa macho yake, na yeye mwenyewe alikuwa na virusi tangu wakati wa baba.

Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua jambo lingine kabisa.

Karibu na uwanja wa mpira kulikuwa na banda umiza la kuonyeshea picha, la mabati juu na pembeni, mabenchi ya mbao, na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kizimba cha nondo. Mfasiri wa banda alikuwa kijana mmoja aliyeitwa DJ Pengo kwa sababu ya meno yake ya mbele. Alikaa pembeni na kipaza sauti, akawa anatueleza kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na mengi ambayo hayakusemwa. Jumamosi mchana mama alinipa sarafu ya kiingilio, naamini ili apate muda wa kulala. Tulizoea picha za ngumi na mateke. Jumamosi moja Pengo akatangaza kwamba ameletewa sizoni mpya, ya majasusi, na kwamba anayetaka kelele atoke mapema.

Ilituchosha vibaya sana. Hakukuwa na ngumi hata moja. Kulikuwa na nchi ya barafu, na mwanamke aliyevaa koti refu ambaye kazi yake ilikuwa kutembea, kunywa chai na kutazama dirishani. Pengo alimpa jina la Bi Kimya. Bosi wake, mzee mwenye masharubu, alimwita Mzee Masalu.

"Pengo, mbona hawapigani?" mtoto mmoja alipiga kelele.

"Ngumi nenda kaziombe kwa baba yako, mwambie jana hukwenda shule."

"Tunataka hela yetu!"

"Kaa chini wewe! Huyu mama mnayemwona hapa ni hatari kuliko fisi wa Magu. Mwangalie mikono."

Nikaangalia mikono. Bi Kimya alikuwa haweki kitu kwenye chombo chake. Barua aliiweka ndani ya mkate, ufunguo ndani ya sabuni. Akiwa njiani alibadilisha kitambaa cha kichwa. Alikutana na watu anaowajua na hakuwasalimia. Ujumbe ukishasomwa, aliumeza. Mwisho wa kila sehemu alipanda boti kwenye maji mapana yenye ukungu, na hapo Pengo alisema maneno ambayo sikuyasahau: "Bi Kimya huyooo, anavuka kwenda Nansio kupeleka ripoti."

Banda zima lilicheka. Sikucheka. Mama yangu alikuwa akivuka ziwa kwenda Nansio kila mwezi.

Nilirudi nyumbani nikamtazama mama kama mtu niliyemwona mara ya kwanza. Kila kitu kilikuwepo. Vidonge vyake vilikuwa ndani ya kopo la poda ya mtoto, vimezungushiwa pamba, wakati sisi hatukuwa na mtoto mchanga. Kila jioni alikaa na redio mapajani akisubiri, na muziki wa taarifa ya habari ukianza, wakati huohuo, alimeza kitu na maji kidogo. Asubuhi hivyohivyo. Kumbe redio ndiyo iliyokuwa ikimtumia ujumbe. Alikuwa amepungua, mifupa ya mabega inaonekana, na hilo pia lilikuwa na maelezo yake, maana Bi Kimya alikuwa mwembamba. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe nililala bila hofu. Sikuwa mtoto wa mjane muuza uji. Mama yangu alikuwa kwenye kazi kubwa, na kazi hiyo ingeharibika kama ningefungua mdomo.

Mama Siwema hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka kujua. Mchana mmoja, mama akiwa Nansio, aliniita nimsaidie kuchambua maharage.

"Hivi Minza, huyo shangazi yako wa Nansio anaitwaga nani?"

"Shangazi Nyangeta."

"Ana watoto wangapi?"

"Ana mbuzi."

"Nimekuuliza watoto, sijakuuliza mbuzi."

"Watoto waliliwa na mamba. Amebaki na mbuzi."

Mama Siwema aliweka mkono mdomoni. "La haula! Wote?"

"Wote. Ndiyo maana mama anaendaga kumwangalia."

Safari iliyofuata alimletea mama kifuko cha maharage. "Mpelekee yule mwenzetu. Mwambie tunamwombea." Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia ndani akafunga mlango.

"Minza. Mamba?"

"Mamba," nilisema.

Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Hatukuwa na shangazi Nansio. Wala mbuzi.

Ukafika wakati wa likizo, Mama Siwema akasafiri, na mama hakuwa na pa kuniacha. Akanichukua. Meli ilipoyaacha mawe ya Mwanza nyuma na watu wakaanza kusinzia, alitoa kwenye kikapu mtandio mweusi akajifunga hadi kwenye nyusi. Sisi ni Wakatoliki.

"Mtu akiuliza, mimi ni Mama Asha," alisema.

"Na mimi ni Asha?"

"Na wewe ni Asha."

Sijawahi kufurahi vile tena maishani. Nasema kweli. Hata siku ya harusi yangu.

Nansio tulitembea kwa njia ya kuzunguka, tukapita nyuma ya maduka, hadi hospitali, kwenye jengo la nyuma lenye benchi refu barazani. Watu walikuwa wamejaa na hakuna aliyeongea. Kwetu watu wawili wa mtaa mmoja wakikutana ugenini hupigiana kelele kama ndugu waliopotezana, na kumpita mtu unayemjua bila salamu maana yake mna ugomvi. Pale niliona nyuso za Mwaloni, mzee wa duka la nyavu, dada wa saluni, na kila mmoja alitazama vidole vya miguu yake. Mwisho wa benchi, kofia imeshushwa hadi machoni, alikuwa amekaa DJ Pengo.

Nilitaka kumwita. Mama alinibana goti. Pengo aliinua macho, akamwona mama, akaniona mimi, akayashusha. Nikaelewa yote, au ndivyo nilivyojiona. Pengo alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana aliijua Nansio.

Wakati wa kurudi alikuja akasimama kwenye ukingo wa meli karibu yetu, akitazama maji.

"Shikamoo, Mama Minza," alisema bila kugeuka.

"Marahaba."

"Naomba unisamehe. Ile ya Nansio naisemaga kwa mzaha tu. Mdomo wangu hauna breki. Nitaacha."

"Usiache," mama alisema. "Ukiacha sasa hivi watajiuliza kwa nini umeacha."

Pengo akacheka, pengo lote likaonekana. "Kumbe Bi Kimya mwenyewe ni wewe."

"Nyamaza, mtoto anasikia."

Mtoto alisikia. Mtoto alikuwa anakaribia kupasuka kwa fahari.

Dawa hizo za virusi zilitolewa hata mjini, hata kwenye kliniki ya mtaani kwetu, umbali wa kutumwa chumvi ukarudi sufuria halijachemka. Wale wote kwenye benchi walivuka ziwa ili wasikae kwenye benchi la jirani. Watu wa Nansio nao, nilikuja kusikia ukubwani, walikuwa wakivuka kuja Mwanza.

Baada ya hapo kuna mwezi mama alirudi kutoka Nansio, ambako hakumwona Pengo kwenye benchi. Aliniuliza kama Jumamosi Pengo alikuwepo bandani. Nikamwambia alikuwepo, ila sauti inakwaruza. Mwezi uliofuata aliuliza tena. Nikamwambia yupo, ila amekonda, na shati linamning'inia. Niliona mama anatafuta njia. Mjane hawezi kwenda kubisha hodi kwenye chumba cha kijana asiye na mke, Kirumba nzima ingekuwa na habari kabla hajatoka. Kumtuma mtu hakuwezekani. Kunituma mimi hakutaka.

Jumamosi alivaa kanga safi akaniambia, "Twende."

Mwanamke mzima kwenye banda umiza, mchana, katikati ya watoto wenye vumbi, ilikuwa kichekesho. Walituachia benchi la mbele huku wanasukumana. Bi Kimya alikuwa mezani na Mzee Masalu, wanakula supu. Pengo alifasiri sentensi moja, akakohoa, akafasiri nyingine. Mama akasimama.

"Pengo, naomba kuuliza."

"Mama Minza, humu watu hawaulizi maswali, siyo darasani!" mtoto mmoja alisema, wenzake wakaangua kicheko.

"Mwacheni aulize, kalipa kiingilio," Pengo alisema kwenye kipaza sauti.

"Huyu Bi Kimya, mbona siku hizi havuki?"

Kipaza sauti kilibaki kinaunguruma peke yake.

"Amechoka, mama," Pengo alisema. "Kila mwezi kuvuka, kila mwezi uongo mpya. Safari ya mwisho amekutana melini na mtu wa kazini kwake. Kamuuliza, unakwenda wapi? Akakosa cha kujibu. Akateremka kabla meli haijaondoka."

"Si avuke siku nyingine?"

"Anajisikia mzima sasa. Anasema labda kazi yenyewe imeisha."

"Mwambie kazi hiyo haiishi." Sauti ya mama ilikuwa imepanda. "Mwambie wenzake kwenye benchi wamemwachia nafasi yake. Kila mwezi wanaiacha wazi."

"Amesikia."

"Mwambie."

"Amesikia, Mama Minza. Kaa chini."

"Pengo, tafsiri bwana!" watoto walilia. "Mzee Masalu kaanguka!"

Kweli, kwenye televisheni mzee wa masharubu alikuwa ameangukia uso kwenye sahani, na Bi Kimya anapangusa kijiko. Hakuna aliyekuwa ametueleza kilichotokea.

"Mzee Masalu amekufa," Pengo alisema. "Kalishwa sumu. Haya, endeleeni kuangalia."

Pengo hakuvuka. Sijui kama alijaribu. Alianza kukosekana bandani, kisha dada yake akaja kumchukua kwenda Sengerema, na taarifa ya kifo ilifika Mwaloni kupitia kwa dereva wa lori la dagaa. Watu walisema amerogwa na wafasiri wenzake. Mwenye banda aliendelea kuonyesha ile sizoni bila mfasiri, na sisi tukaikodolea macho midomo ya wazungu ikifunguka na kufungika, hadi wote tukaacha kwenda. Hadi leo sijui iliishaje.

Mama alipopata habari alikuwa anaosha vikombe. Aliendelea kuviosha, vikombe vilevile alivyokwisha kuviosha. Jioni, redio ilipoanza muziki wake, alimeza dawa yake mbele yangu bila kunipa mgongo, akaniambia. Alisema jina la ugonjwa. Alisema baba pia. Alisema Pengo pia, na kwamba mimi nilipimwa nikiwa mdogo na sina. Alitumia maneno machache kama mtu anayeelekeza njia.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Halafu nikauliza, "Kwa hiyo wewe siyo jasusi?"

Aliuliza jasusi gani. Nikamweleza yote, redio, poda, pamba, benchi. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha kicheko kikabadilika, na nilimshika kichwa kwa sababu sikujua pa kumshika. Mimi nililia kwa ajili yangu. Naona aibu kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa: kifo nilikuwa nimeshakizoea kwa baba, ila yule mwanamke jasusi wa kwenye meli nilikuwa naye muda mfupi tu, nami sikutaka aondoke.

"Siku nikikosa uongo wa kusema melini, nitaacha kama Pengo alivyoacha," mama alisema. "Najijua. Na wewe utabaki na nani?"

Siku ya dawa ilipofika hakwenda bandarini. Alivaa kanga zake za kila siku, kichwa wazi, akanishika mkono tukatembea hadi kliniki ya mtaani. Tulikaa kwenye benchi mchana kweupe. Tulipokuwa tunatoka, tulikutana getini na Mama Siwema, amembeba mjukuu wake anampeleka chanjo.

"Mama Minza! Mgonjwa nani?"

"Ni mimi."

"Pole. Unasumbuliwa na nini?"

Mama akamwambia. Alimwambia palepale, kwa sauti ileile ya kusalimiana, na dawa zikiwa mkononi ndani ya chupa yao. Mama Siwema alimhamisha mjukuu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ule uliokuwa mbali na sisi, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata mama alipika kama kawaida. Nilimsaidia kubeba kikapu cha vitumbua hadi Mwaloni. Malori yalikuwa yamepanga foleni na wapagazi walikuwa wameshaanza kutoka jasho. Masanja, ambaye kila siku alikuwa mteja wa kwanza, alifika akasimama mbele ya ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Masanja. Nikutilie?"

"Leo nimekunywa chai nyumbani," alisema, akatazama malori. Masanja alikuwa analala kwenye magunia hapohapo sokoni. Sote tulijua.

Wengine hawakufika karibu. Walipita kwa mbali, wakaenda kwa mama mwingine aliyekuwa upande wa pili wa lori, nasi tukawasikia wakipuliza uji wao. Jua likapanda. Uji wetu ukaota utando juu. Nilimwambia mama turudi nyumbani, akasema bado.

Kisha akachukua kikombe, akakipangusa, akautoa ule utando kwa upawa, akajitilia uji. Alisimama, akawageukia wale wapagazi, akanywa polepole hadi mwisho. Akakijaza tena kikombe kilekile akanipa mimi.

"Kunywa," alisema.

Nikanywa. Ulikuwa umepoa.